Kalenda ya Mkulima Kwenye Kisima cha Ubatizo

Ahsante, mwenyekiti. Habari za jioni, ndugu zangu.

Nimeombwa nizungumzie sanaa ya kanisa katika Enzi za Kati, na najua wengi wenu mmekuja mkitarajia vioo vya rangi na minara mirefu. Mimi nitawapeleka Burnham Deepdale, kijiji kidogo kwenye pwani ya kaskazini ya Norfolk, Uingereza. Kanisa lake la parokia, la Mtakatifu Maria, lina mnara wa mviringo, na ndani yake kuna kisima cha ubatizo cha jiwe, chenye umbo la mraba, kilichochongwa karne ya 12. Anayeingia akitafuta malaika atakuta watu wako shambani.

Pande tatu za kisima hicho zimegawanywa matao manne manne, na kila tao ni mwezi mmoja. Januari mtu anakunywa kwa pembe. Machi kashika sepetu, anachimba. Aprili anapogoa. Juni ni palizi, Julai anafyeka majani, Agosti anafunga mganda wa ngano, Septemba anapura. Novemba nguruwe anachinjwa. Desemba hayuko peke yake tena: watu wanne wamebanana mezani, wanakula.

Ninayempenda zaidi ni wa Februari. Huyu hafanyi kazi yoyote. Amekaa tu, anaota moto miguu. Aliyewahi kusimama Norfolk mwezi huo, upepo wa Bahari ya Kaskazini ukimpiga usoni, hahitaji kufafanuliwa. Naye wa Mei ameshika bendera, kwa sababu msimu huo, siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, parokia nzima ilitoka kwa maandamano kuyazunguka mashamba na kuyaombea mazao. Kwa hiyo hata sala, katika kalenda hii, imehesabiwa kuwa kazi ya shamba.

Upande wa nne hauna mtu. Una majani na matawi yaliyosokotana, ambayo wengi huyasoma kuwa ni Mti wa Uzima.

Sasa, kwa nini mambo ya shamba yawekwe mahali pa kubatizia? Maelezo ya kawaida ni kwamba kazi ni fungu la Adamu baada ya kufukuzwa bustanini, na ubatizo ndiyo dawa ya dhambi yake. Sawa, sipingi. Lakini fundi yule alijua pia nani angesimama mbele ya jiwe lake akiwa na mtoto mikononi, na akamchonga huyo huyo.

Tuje kwenye matumizi, maana kisima ni chombo kabla hakijawa sanaa. Bakuli ni kubwa kwa sababu mtoto alizamishwa, hakunyunyiziwa tone mbili tatu. Jiwe hunyonya maji, kwa hiyo ndani paliwekwa risasi. Chini kulikuwa na tundu, ili maji yaliyobarikiwa yashuke ardhini moja kwa moja, yasimwagwe njiani yakakanyagwa. Na kisima kilikaa karibu na mlango, kwa kuwa ubatizo ndio mtu kuingia kanisani. Mliofika Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, mtakumbuka sehemu ya ubatizo ilipo: upande wa mlangoni, kwenye zile nguzo ambazo wenyeji husimulia kuwa mafundi walizisimamisha juu chini, Askofu Steere, aliyelijenga kanisa hilo, akiwa safarini.

Maji yalibarikiwa usiku wa Pasaka, kisha yakabaki humo kwa ajili ya watoto watakaozaliwa. Hapo ndipo wezi walipoingia. Watu waliyachota wakayafanyie uganga: kutibu, kulinda mifugo, hata kuroga. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza visima vifunikwe na kufungwa kwa kufuli. Hadi leo, ukipapasa ukingo wa visima vingi vya Uingereza, kidole kitakwama kwenye kovu: jiwe limemeguka pale chuma cha komeo kilipong'olewa. Watalii hupita hapo wakidhani ni uzee tu.

Baadaye yakaja makovu mabaya zaidi. Huko huko Norfolk, na jirani yake Suffolk, kuna visima takriban 40 vya karne ya 15 na 16 vyenye pande nane, vikionyesha sakramenti saba. Kazi nzuri ajabu, ila sehemu nyingi nyuso hazipo. Wanamageuzi wa dini, yaani Waprotestanti, waliona sanamu za misa na kitubio kuwa upotofu, nyundo zikafanya kazi. Mwaka 1645 Bunge likapitisha utaratibu mpya wa ibada ulioviacha visima kabisa. Padri, au mhubiri kama walivyotaka aitwe, akabatizia kwenye beseni. Visima vingine vilitupwa nje vikawa mahali pa kunyweshea ng'ombe, na vingine vikarudishwa baada ya utawala wa kifalme kurudishwa mwaka 1660.

Cha Deepdale kimechakaa nacho, lakini miezi yake inasomeka. Kwa maoni yangu, mada yake ilikisaidia. Mvunja sanamu angemshtaki kwa kosa gani mtu anayepura ngano?

Mkipata nafasi ya kwenda, chukueni tochi, na msiimulike mbele kwa mbele. Ishikeni ubavuni, mwanga uteleze juu ya jiwe. Hapo mikunjo ya nguo itajitokeza, na yule wa Februari utamwona vizuri anavyojikunyata.

Naona mkono umeshainuka kule nyuma. Karibu, mama, uliza.