Nani Anapanga Ajenda ya Bodi?

Ndugu zangu, tukijadili kama mtendaji mkuu awe pia mwenyekiti wa bodi, huwa tunabishania cheo. Mimi naomba tutazame ajenda. Mwenyekiti ndiye anayepanga kipi kijadiliwe, kwa muda gani, na makabrasha yawafikie wakurugenzi lini. Bodi nayo ina kazi ya kumsimamia mtendaji mkuu, kumpangia mshahara na kumwondoa akishindwa. Kofia zote mbili akizivaa mtu mmoja, anayekaguliwa ndiye anayeamua akaguliwe nini na lini.

Chukueni Bank of America, benki kubwa ya Marekani. Septemba 2008 ilikubali kuinunua Merrill Lynch, benki ya uwekezaji, kwa takriban dola bilioni 50, Ken Lewis akiwa mwenyekiti na mtendaji mkuu. Wanahisa waliridhia Desemba 5. Januari 2009, ununuzi ukiwa umeshakamilika, ndipo walipotangaziwa kwamba Merrill ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 15 katika robo ya mwisho ya mwaka, na kwamba serikali ya Marekani inaiongezea benki bilioni 20. Aprili wakapiga kura kubadili kanuni za benki ili mwenyekiti awe mtu huru, asiye mtendaji wa benki. Hoja ilipita kwa asilimia 50.34, chupuchupu. Lewis akaachia uenyekiti, Walter Massey akaushika.

Lakini kanuni ile bodi yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuibadili. Oktoba 2014 ikaibadili bila kuwauliza wanahisa, ikampa uenyekiti mtendaji mkuu, Brian Moynihan. Malalamiko yalikuwa makubwa hata kura ikaitishwa Septemba 2015, wanahisa wakaridhia mabadiliko hayo kwa takriban asilimia 63. Kwa hiyo mkiandika kifungu cha kutenganisha vyeo, andikeni papo hapo kwamba hakiguswi ila kwa kura ya wanahisa.

Mkiamua kuunganisha, basi mkurugenzi huru kiongozi, yaani asiye mtendaji anayechaguliwa kuwaongoza wakurugenzi wenzake walio huru, asiwe pambo. Aidhinishe ajenda kabla haijatumwa, na awe na mamlaka ya kuitisha kikao. Kila kikao kitengewe muda wa wakurugenzi wasio watendaji peke yao, mtendaji mkuu akiwa nje.

Kutenganisha nako kuna mtego: mtendaji mkuu anastaafu leo, kesho ni mwenyekiti. Mrithi wake ataufutaje mradi uliooza, ilhali aliyeuanzisha ndiye anayeongoza kikao? Ndiyo maana mwongozo wa utawala wa kampuni wa Uingereza unasema mtendaji mkuu hapaswi kuwa mwenyekiti wa kampuni ileile.