Kutambua Gololi za Kale: Anza na Kovu

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni Lamu. Leo tumekaa barazani hapa Mkomani na trei ya mayai iliyojaa gololi za kioo. Nataka ukimaliza kutazama uweze kuishika gololi mkononi na kujua kama ni ya kale au ni ya dukani ya juzi juzi. Wengi wanaoanza huvutwa na rangi. Rangi iweke kando kwanza. Tunachotafuta ni kovu, ile alama iliyobaki pale kioo kilipokatwa.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuzia, rula, mswaki laini, bakuli la plastiki, na ile tochi ya kukagulia noti bandia. Kama huna tochi, mwombe mwenye duka akuazime mara moja.

Hatua ya kwanza, osha. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Maji ya moto usiyatie kabisa, maana kioo kikipata joto la ghafla hupasuka. Usisugue kwa mchanga wala dawa ya meno, na usimpe fundi akung'arishie. Gololi iliyosagwa upya imepoteza uso wake wa asili, na mkusanyaji anayejua hatatoa bei ileile.

Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo tusiharakishe. Shika gololi kwa vidole viwili karibu na dirisha, izungushe polepole. Haya, tazama hii kwa karibu. Unaziona nyuzi nyeupe zilizopishana katikati kama wavu wa mvuvi? Na juu yake, karibu na uso, kuna mistari myekundu na ya buluu. Fuata mstari mmoja mpaka unapoishia. Yote inakutana huku nchani. Sasa pitisha ukucha. Umesikia unavyokwama? Pana kidoa kinachokwaruza, hakijai hata ncha ya kidole. Hilo ndilo kovu. Geuza upande wa pili, mistari inakutana tena.

Hii imetengenezwa kwa mkono. Kazi hii ilishamiri Lauscha, mji wa mafundi wa kioo huko Thuringia, Ujerumani, baada ya kubuniwa mkasi maalumu mwaka 1846. Upande mmoja wa mkasi una kikombe kidogo, upande wa pili una makali. Fundi alivuta fimbo ya kioo cha moto yenye rangi ndani yake, akaisukuma ncha kikombeni, akazungusha mpaka ikaviringika, kisha akakata. Makali yalipopita ndipo penye kovu.

Hapa Lamu muuzaji anaweza kukwambia gololi yake ililetwa na Wajerumani, kwa kuwa walifungua posta hapa mwaka 1888. Posta ilikuwepo kweli. Lakini hadithi ya posta haithibitishi lolote kuhusu gololi aliyoishika. Mwombe kwa adabu uizungushe, uangalie kovu.

Usipoona kovu, uso ukawa laini kila upande, jua ni ya mashine, na za mashine nazo zipo za zamani. Martin Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza gololi mwaka 1905. Kioo bado kilichotwa kwa mkono, ndiyo maana katika gololi zake nyingi za rangi moja iliyochanganyika na nyeupe utaona mzunguko wenye umbo la tarakimu 9 upande mmoja, na mkia mfupi upande wa pili. Baadaye watu wa kampuni ya Akro Agate, waliofanya kazi Clarksburg, West Virginia, kuanzia 1914 hadi 1951, walitoa zile zenye utepe wa rangi unaozunguka kutoka ncha hadi ncha. Mimi hizi nazipenda kuliko zote.

Jicho la paka, lile la kioo kisicho na rangi lenye mabawa ya rangi katikati, usiuziwe kwa bei ya kale. Zilienea kutoka Japani miaka ya 1950 na bado zinatengenezwa. Mapovu pia yasikudanganye, hata gololi mpya huwa nayo.

Sasa funga dirisha, washa tochi. Gololi ikiwaka kijani kikali, kioo kina urani ndani yake. Andika daftarini: kipenyo kwa milimita, alama za ncha zote mbili, na ulikoipata. Kila moja ikae kwenye shimo lake la trei, zisigongane. Trei usiiache juani, maana gololi kubwa isiyo na rangi hukusanya miale na inaweza kuunguza kitambaa.

Kuhusu kutafuta: anza na makopo ya zamani ya nyumbani, kwa ruhusa ya bibi mwenye kopo. Magofuni, iwe Takwa au Gede, usichimbe. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inakihesabu kitu kinachobebeka kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, mbali na vitabu na hati, kuwa kitu cha kale kinacholindwa. Ukiiona gololi au ushanga umejitokeza ardhini, uache palepale, piga picha, kisha toa taarifa Makumbusho ya Lamu.