Baiti 56 na Megabaiti 800: Kumbukumbu ya C++ Ndani ya Lugha ya R

Ndugu wahadhiri na wanafunzi, wengi wenu mmeitumia lugha ya R, iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, bila kulazimika kufikiria kumbukumbu ya kompyuta, kwa sababu R ina mzoataka wake, anayepita nafasi inapopungua na kuondoa kila kisichofikiwa tena. Raha hiyo hukoma pale mnapoandika sehemu ya programu kwa C++, mkaikompaili na kuiita kutoka R.

Kitu kilichoundwa kwa amri ya new ya C++ hakimo katika hesabu za R. Kinachorudi upande wa R ni kielekezi cha nje, yaani kikaratasi chenye anwani tu. Katika kompyuta ya biti 64 kikaratasi hicho huchukua baiti 56, ilhali safu ya namba za desimali milioni 100 inayoelekezwa nacho huchukua megabaiti 800. Mzoataka huangalia baiti anazozijua mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuunda safu 20 za namna hiyo ndani ya kitanzi, akazitelekeza zote, na mzoataka asione sababu ya kuamka huku mashine ikielemewa.

Kielekezi huambatishiwa fanksheni ya tamati, yaani ile inayofuta kitu cha C++ kielekezi chake kinapoondolewa, kwa R_RegisterCFinalizerEx, na XPtr ya Rcpp, kifurushi kinachounganisha R na C++, hufanya hivyo yenyewe. Tatizo ni kwamba fanksheni hiyo husubiri mzoataka apite, naye hana saa maalumu. (Kuita gc(), amri ya kumwamsha mzoataka, katika kila mzunguko wa kitanzi husaidia, ila muda unaopotea si haba.) Kwa maoni yangu, tamati iwe akiba tu: kitu kikubwa kiwe na amri yake ya kukifunga, nayo ikishakifuta ikisafishe kielekezi papo hapo kwa R_ClearExternalPtr, la sivyo tamati itakuja kufuta kilichokwisha kufutwa na R yote ianguke.

Kumbukeni pia kwamba ukiandika b <- a hupati nakala. Ni majina mawili ya kitu kimoja, na ukifunga kimoja umefunga vyote. Vilevile, kielekezi kilichohifadhiwa katika faili kwa saveRDS hurudi kikiwa kitupu kinaposomwa tena. Ndiyo maana kila fanksheni ya C++ inayopokea kielekezi, hata ile ya tamati, ianze kwa kukagua kama ni kitupu kabla ya kukigusa.