Wimbo Huu Kautunga Nani? Juma Bhalo, Ahmad Nassir na Abdilatif

KASSIM: Karibuni tena jamani, mimi Kassim nipo Dar, na dada yangu Zuhura yupo kwao Mombasa kama kawaida. Dada, mwezi uliopita ulinirushia wimbo WhatsApp saa sita usiku, hata salamu hukuweka.

ZUHURA: Salamu ya nini na Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu wa Mombasa, ashaanza kuimba! Nilikwambia tu usikilize mpaka mwisho usikate.

KASSIM: Na nilisikiliza, wallahi. Mara ya kwanza nikadhani ni wimbo wa Kihindi maana kinanda na tabla vinakwenda hivyo hivyo kama sinema za zamani, halafu sauti ikaingia, Kiswahili kile! Nikaurudia mara nne, nikaanza kuhesabu silabi kwa vidole, mizani nane huku, nane huku, hakuna pahala pamepungua.

ZUHURA: Sasa hapo ndipo nilipotaka ufike. Kwetu marehemu bibi yangu alikuwa na redio kaseti, kaseti za Bhalo zimeandikwa kwa kalamu ya wino mgongoni, na akisikiliza hakuwa akisema Bhalo kaimba nini, alikuwa akiuliza "haya maneno katunga nani?" Leo ukiingia YouTube hizo kaseti watu wamezipandisha, Mungu awalipe, lakini utaona jina la mwimbaji tu, mtunzi hakuna. Na nyimbo nyingi za Bhalo maneno ni ya binamu yake, Ahmad Nassir, yule mshairi aliyeitwa Malenga wa Mvita, yaani wa Mombasa.

KASSIM: Ambaye mimi nilimjua shuleni kama jina la kwenye mtihani, basi.

ZUHURA: Ndiyo tatizo! Mtu amesomeshwa shairi likiwa limelala kwenye karatasi na hajaambiwa kuwa watu walikuwa wakiliimba harusini. Mie nasema anza na sikio. Sikiliza wimbo, uupende, halafu ndiyo utafute diwani, kitabu cha mashairi, utakuta maneno yale yale unayajua kwa sauti. Na usikilize mpaka ubeti wa mwisho kwa sababu washairi wetu wa zamani wana ada ya kutaja jina lao kule mwishoni, kwenye tamati, sasa hizi klipu za sekunde thelathini zinamkata mtunzi mwenyewe.

KASSIM: Hapo umenigusa. Haya, kutoka kwa Ahmad Nassir nikafika kwa mdogo wake, na huyu sijamtoka mpaka leo. Abdilatif Abdalla. Jamani, kijana wa miaka 22, mwaka 1968 anaandika waraka unaitwa Kenya Twendapi? kuikosoa serikali ya KANU ya Mzee Kenyatta, 1969 anafungwa, miaka mitatu, na kule ndani anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Karatasi za chooni! Yakatoka kwa siri, 1973 yakawa kitabu, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu kikapewa tuzo, na tuzo yenyewe ina jina la Jomo Kenyatta.

ZUHURA: Na usisahau vina havikukatika hata kimoja. Mtu yuko peke yake kwenye seli na bado anapima mizani.

KASSIM: Ila dada nikiri, Kimvita, hii lahaja yenu ya Mombasa, kilinitoa jasho. Kuna shairi linaitwa N'shishiyelo ni Lilo, nilikaa nalo siku mbili.

ZUHURA: "Nililolishika ni lile lile." Kwamba siachi msimamo wangu. Lakini ukilisema kwa Kiswahili cha darasani linapoa, we jaribu tu kulitamka, n'shi-shi-ye-lo, ulimi wenyewe unang'ang'ania pale pale.

KASSIM: Kweli kabisa. Ndiyo maana nawaambia wasikilizaji wamtafute akisoma mwenyewe, video zipo, na akizungumza pia maana yule si mshairi tu, ni mhakiki wa nguvu. Alipotoka jela akaja huku kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda BBC London, halafu akafundisha miaka mingi Leipzig, Ujerumani. Ukimsikia anachambua neno moja tu unaona aibu kwa jinsi ulivyokuwa ukilitumia ovyo.

ZUHURA: Na yeye atakupeleka kwa Muyaka, mshairi Muyaka bin Haji wa hapa hapa Mombasa, karne ya kumi na tisa. Tungo zake zilihifadhiwa kwa kazi ya Mwalimu Sikujua na mmishonari Taylor, na miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iko chuo cha SOAS, London, mingine unaifungua mtandaoni bure kwa simu yako.

KASSIM: Mimi nitamtetea Kezilahabi lakini. Yule wa Ukerewe. Diwani yake Kichomi ilitoka 1974, vina hakuna, mizani hakuna, na bado inanichoma.

ZUHURA: Kaka Kassim usinianze. Kezilahabi ni mwandishi mkubwa, riwaya zake nazipenda sana, lakini mie shairi nisiloweza kuliimba silali nalo.

KASSIM: Basi watu wasome Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi, 1979, wale walilitetea shairi huru kwa hoja na wakaandika na ya vina humo humo.

ZUHURA: Nitakisoma, wewe nawe unisikilizie Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, na udi wake, ile ala ya nyuzi. Bhalo anakuja na Uhindi, Zein anakuja na Uarabuni, na alikuwa akiimba tungo za kale kabisa.

KASSIM: Nirushie usiku huu.

ZUHURA: Nakurushia. Na ukifika tamati nipigie simu uniambie umesikia jina la nani.