Jiwe Nalo Linadanganya, Msimsahau Fundi wa Patasi

Haya, walionisikia siku za nyuma wanajua naanzia wapi, mtanivumilia. Vitabu vingi vya mwandiko wa Kichina ni picha za mawe tu, jiwe baada ya jiwe, halafu mtu anakwambia hati ilibadilikia hapo kwenye jiwe. Hapana jamani! Jiwe lilikuwa linakuja mwisho, limeshavalishwa kanzu ya Idi. Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, anachongesha mawe milimani mwaka 219 KK kwa hati ya mihuri, mistari unene uleule mwanzo mwisho, wakati makarani wake walishachoka nayo. Kaburi la karani mmoja wa Qin lilifukuliwa Shuihudi, Hubei, 1975, limejaa vipande vya mianzi, sheria na kesi, mwandiko wa mtu mwenye haraka, mizunguko ya hati ya mihuri ameinyoosha. Hati ya makarani inazaliwa hapo, mezani, kazini.

Sasa kile kisa changu. 1965, Nanjing, linafukuliwa jiwe la kaburi la Wang Xingzhi, la mwaka 341, baba yake na baba wa Wang Xizhi, bingwa wa mwandiko anayesifika kuliko wote China, walikuwa ndugu. Herufi ngumu, pembe tupu. Guo Moruo, msomi mkubwa na mtu wa serikali, akasema basi, watu wa enzi ile waliandika hivi, kwa hiyo ile Lanting Xu ya 353, dibaji inayohesabiwa kazi kuu ya Wang Xizhi, ambayo brashi inacheza, siyo ya Wang Xizhi, ni feki. Gao Ershi, mwandishi wa hati, akambishia mwaka huohuo na ubishi ukawaka. Najua Lanting yenyewe haipo, tunazo nakala za enzi ya Tang (618–907), msinikatize. Ila fundi mlimpeleka wapi? Chukua mstari mmoja mlalo: brashi inatua, inakandamiza, inateleza, inajiinua polepole. Fundi wa jiwe la kaburi anapiga patasi upande huu, anapiga upande ule, kamaliza, ncha imekuwa mraba. Kona ile ni ya chuma, siyo ya mkono wa Wang yeyote!

Utaniambia mbona Kang Youwei, msomi wa mwisho wa enzi ya Qing, aliyasifia mno mawe ya utawala wa Wei, wa karne ya 5 na 6. Ndiyo, karne ya 19 watu wakawa wanaiga patasi kwa brashi, mwandishi wa hati Li Ruiqing yeye akawa anatetemesha mkono makusudi apate mikwaruzo ya jiwe lililoliwa na mvua. Kazi nzuri, sibishi, ila usiseme ndivyo Wei walivyoandika.

Naonyeshwa saa na Tang nzima sijaigusa. Mbio mbio basi, nakala ya jiwe inatolewa hivi: unabandika karatasi mbichi juu ya jiwe, unaigonga mpaka iingie kwenye michongo, unapaka wino, herufi inabaki nyeupe, na kila ukigonga jiwe linalika. Ndo maana jiwe la Yan Qinli, aliloliandika kwa mkono wake Yan Zhenqing, bingwa wa Tang, mwaka 779, likapotea na kuibuka Xi'an 1922, ncha zake bado kali, lilikaa udongoni halikugongwa. Lile jiwe la mapango ya Longmen ambalo herufi zimechomoza nje badala ya kuzama niulizeni wakati wa maswali, projekta imeshazimwa.