Kusoma Kiingereza Si Kujifunza Kiingereza

KHAMIS: Wasikilizaji, hamjambo? Matokeo ya kidato cha sita yametoka na simu zimeanza. Jana usiku kanipigia shangazi, hata salamu hajamaliza: "Mtoto kapata C ya Kiingereza, tumpeleke chuo gani akasome Kiingereza?" Nikamwambia, shangazi, subiri kipindi.

NEEMA: Umemkimbia shangazi yako, kaka Khamis?

KHAMIS: Nimemleta kwako, dada. Mwenye chaki ni wewe, mimi wa tafsiri tu.

NEEMA: Haya. Mimi ningeanza na mtoto, si shangazi. Ningemuuliza: unataka kusoma Kiingereza, yaani kuichunguza lugha yenyewe, au kujifunza Kiingereza, yaani kujua kukiongea? Maana wengi wanaingia chuo wakitegemea kutoka wanaongea kama watangazaji wa BBC. Wiki ya pili mwalimu anaandika ubaoni alama za matamshi, e iliyopinduliwa miguu juu, mtu anaanza kutazama mlango.

KHAMIS: Niliutazama sana ule mlango! Halafu ikaja sintaksia, sentensi zinachorwa matawi matawi muhula mzima. Mama kufungua daftari langu, akauliza kama nimehamia kozi ya misitu.

NEEMA: Basi hiyo ndiyo isimu. Unaipasua lugha uone ndani kuna nini: sauti, maneno, muundo, maana. Aliyekuwa anapenda hesabu shuleni lakini akaangukia HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, huwa anaifurahia mno. Ila aliyekuja kwa sababu anapenda riwaya atateseka, na kumbe fasihi inafundishwa idara nyingine. Chukua Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kuna Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, na kuna Idara ya Fasihi. Ni nyumba mbili. Ukijaza fomu kwa kufuata neno "Kiingereza" peke yake, unaweza kukaa miaka mitatu kwenye nyumba isiyo yako.

KHAMIS: Na majina hayo ya idara yana ugomvi wake. Mwaka 1968, kwenye chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, wasomi watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Walihoji kwa nini fasihi ya Mwingereza ikae katikati, yetu iwekwe pembeni kama kachumbari. Hatimaye pakawa na Idara ya Fasihi.

NEEMA: Kwa hiyo mtoto wa shangazi akiingia fasihi asishangae kukuta ngano za bibi yake zinachambuliwa darasani pamoja na Shakespeare.

KHAMIS: Atashangaa. Mimi ningeshangaa.

NEEMA: Sasa tuje kwenye ualimu, maana tusidanganyane, wengi wanaosoma Kiingereza wanaishia kushika chaki. Hapa nina kidonda. Nilisoma shahada ya ualimu, masomo yangu mawili ya kufundishia yakawa Historia na Kiingereza, na hicho Kiingereza kilikuwa isimu karibu chote. Fasihi niliionja tu. Nikafika shule, mkuu akanipa kidato cha tano. Unajua mtihani wa Kiingereza wa kidato cha sita ulikuwaje?

KHAMIS: Karatasi mbili.

NEEMA: Karatasi mbili! Ya kwanza lugha, ya pili fasihi: riwaya, tamthilia, ushairi. Mimi na matawi yangu ya sintaksia nimesimama mbele ya watoto hamsini na shairi mkononi. Mwaka mzima nilikuwa nasoma usiku ninachofundisha asubuhi. Kuna binti mmoja alikuwa mkali wa ushairi kuliko mimi, nikawa namwambia, "Hebu wasomeshe wenzako ubeti huu," najifanya ni ushirikishwaji.

KHAMIS: (anacheka) Kumbe mbinu shirikishi zinazaliwa hivyo!

NEEMA: Kwa Wakenya jambo hili lilikaa vizuri zaidi. Kwa miaka mingi kule sekondari lugha na fasihi zilikuwa somo moja la Kiingereza, na mwalimu wake aliandaliwa kwa vyote viwili kama jozi. Kwetu mara nyingi unaijenga jozi hiyo mwenyewe, na nafasi ya kuijenga ni pale unapochagua masomo ya kufundishia. Anayetaka ualimu wa Kiingereza, nafsi yangu inaniambia achukue lugha na fasihi kama chuo kinaruhusu. Na kama hakiruhusu, atazame chuo kingine kabla hajalipa ada ya maombi.

KHAMIS: Atajuaje kama kinaruhusu?

NEEMA: Aombe orodha ya kozi za mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza vyuo vinafanana. Tofauti inajionyesha huko mwishoni.

KHAMIS: Hapo dada naomba niongeze chumvi. Orodha nayo inadanganya. Mimi chuo changu, sikitaji, nilikifuata kwa sababu kwenye kijitabu chao kulikuwa na kozi ya tafsiri. Nikavumilia sapu mbili, mitihani ya kurudia, kwa ajili ya hiyo kozi. Kufika mwaka wa tatu, tunaambiwa mwalimu wake yuko masomoni, haifundishwi. Tafsiri nimekuja kujifunzia kazini, kwa kuzomewa na wahariri. Kwa hiyo swali si "mna kozi gani?" Swali ni "kozi gani za hiari zilifundishwa mwaka jana, na nani alizifundisha?" Na hilo usimuulize mtu wa udahili. Mtafute mwanafunzi anayemaliza, mnunulie soda.

NEEMA: Hiyo nimeikubali.

KHAMIS: Na alama? Shangazi ana hofu na hiyo C.

NEEMA: C ya Kiingereza si ya kulilia. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa anayetoka kidato cha sita ni masomo mawili yanayohusika na kozi yenye jumla ya pointi 4, ukihesabu A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo hata D mbili zinakufikisha mlangoni. Kufunguliwa ni habari nyingine, kwa sababu mnashindana, na kozi nyingine zina masharti yao ya ziada. Kijitabu cha TCU cha mwaka husika kinaonyesha kozi kwa kozi. Akisome chenyewe, asisomewe.

KHAMIS: Na tangu 2017 unaomba moja kwa moja chuoni, ule mfumo mmoja wa kupangiwa na TCU haupo. Ukichaguliwa vyuo viwili au vitatu, unathibitisha kimoja kwa namba maalumu inayoingia kwenye simu au barua pepe.

NEEMA: Simu yake mwenyewe! Kijana anaenda steshenari, jamaa anamjazia fomu, sehemu ya simu anaweka namba ya steshenari. Siku ya kuthibitisha ujumbe unaingia kwa mtu aliyekwenda harusini Singida.

KHAMIS: Umeyaona hayo?

NEEMA: Nimeyaona, tena zaidi ya mara moja. Na mkopo vilevile, Bodi ya Mikopo ina dirisha lake na tarehe zake. Kuchaguliwa chuo hakuleti boom, ile pesa ya mkopo.

KHAMIS: Dada, samahani, simu yangu inatetemeka hapa. Shangazi huyo.

NEEMA: Pokea. Mwambie ampe mtoto simu.