Anza na Maji: Chakula Chepesi cha Safari ya Miguu

Mhadhara uliotolewa Malindi kwa vijana wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya

Assalamu aleikum. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mnaojiandaa kwa safari, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya chakula cha kubeba mgongoni, chakula chepesi kinachoiva upesi. Najua wengi mmekuja na kalamu mkitarajia orodha ya vitu vya kununua. Naomba tuanze na maji kwanza, kwa sababu maji ndiyo yatakayoamua mbebe nini.

Hapa mezani nina mizani na mkebe wa maharagwe wa gramu 400. Ukimwaga mchuzi wake, unabaki na maharagwe gramu 240 hivi, na hayo nayo yamevimba kwa maji. Juu yake kuna bati, ambalo utapanda nalo limejaa na utateremka nalo tupu. Upande wa pili nina pojo, yaani ndengu, nilizozichemsha nyumbani na nazi na kitunguu kidogo, zikaiva kabisa, kisha nikazianika zikakauka upya. Gramu 100 hizi zinamshibisha mtu mzima. Kilichotoka humu ni maji matupu. Sasa njia ya Sirimon mnayoipanda ina vijito vya kuchota na kuchemsha. Kwa nini uyabebe maji ndani ya mkebe kuyapeleka palipo na maji?

Lakini hesabu hii hugeuka ukiwa huku kwetu. Mwaka huu kuna wanaotaka kuteremka magenge ya Nyari kule Marafa, na wengine wanatembea ufuo wa Shela, Lamu, kilomita 12 hivi za mchanga na jua. Huko maji ya kunywa unayabeba yote wewe, na lita 1 ni kilo 1. Ukichukua pojo kavu, itakubidi ubebe na maji ya kuzipikia, kwa hiyo hujapunguza kitu, tena umejiongezea jiko na gesi. Kwa safari kama hizo beba chapati, tende, mayai ya kuchemsha, matango na maembe. Tunda lenye maji lina kazi mbili, unalila na unalinywa. Jiko liache nyumbani.

Turudi mlimani. Hapa Malindi, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, nyuzi 1 chini kwa kila mita 300 hivi. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, na kambi ya Shipton mita 4,200. Pale Shipton maji yanatokota kwenye nyuzi 86 hivi. Utaona mapovu, utaona mvuke, utadhani mambo tayari, na wali bado una kiini. Kuongeza moto hakusaidii, maana maji yaliyokwisha kuchemka hayazidi kupata joto. Unateketeza gesi tu. Maharagwe makavu usiyafikirie kabisa kule juu. Sima nayo siipendekezi, najua nawaudhi wengine. Inataka moto mrefu na mkono wa kusonga, na sufuria yake kuiosha kwa maji ya barafu ni adhabu.

Ndiyo maana nasema kazi ya kupika ifanyike hapa, kule juu mkachemshe maji tu. Tafuteni chakula ambacho kimekwisha kupikwa kabla hakijakaushwa. Kuskus, zile chembe ndogo za ngano, imepitishwa kwenye mvuke tangu kiwandani, inataka maji ya moto na kufunikwa. Tambi za pakiti nyingi zimekaangwa, ndiyo maana dakika 3 zinatosha. Uji wa shayiri iliyopondwa huiva upesi. Adesi nyekundu zilizokobolewa huiva haraka kuliko vyakula vingi vya jamii ya kunde, lakini hata hizo mimi huzipika nyumbani na kuzikausha.

Kukausha kwenyewe kuna tahadhari, hasa pwani kwetu ambako hewa ina unyevu. Anikeni wakati wa kaskazi jua likiwa kali, kitu kiwe kimetandazwa chembamba na kufunikwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Masika ikishaingia, tumieni oveni ya moto mdogo, mlango ukiwa wazi kidogo. Pojo zikauke mpaka ukizimwaga kwenye sahani zilie kama changarawe. Kisha zitieni kwenye chupa ya kioo, mfunge, mlaze usiku mmoja. Asubuhi mkiona kioo kimetoa jasho kwa ndani, bado kuna maji, rudisheni juani. Msipuuze jambo hili. Chakula kilichooza siku ya pili ya safari, mbali na zahanati, ni hatari ya kweli.

Naomba yule kijana aliyekaa mbele aje afunue sufuria hii. Nilipoanza kuzungumza nilimimina maji ya moto humu na kuiviringisha kwa sweta. Hakuna jiko lililowashwa. Hebu tuone. Ni tambi zetu za kawaida, nilizozikaanga nyumbani kwa samli mpaka zikawa hudhurungi, nikazipika na sukari na iliki, nikazikausha pamoja na zabibu. Tui ni la unga. Mwonjeshe mwenzako pia. Lile sweta ndilo jiko la pili. Maji yakishachemka, zima gesi, mimina, funika, viringisha, ngoja dakika 15. Kwa maji ya nyuzi 86 ngojeni zaidi kidogo.

Sasa samli. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Anayepanda kutwa kwenye baridi anahitaji kalori 3,000 na zaidi, na anayetaka mzigo mwepesi hana budi kuegemea mafuta. Gramu 100 za samli zina karibu kalori 900, za njugu zipatazo 570, za tende kama 280. Kijiko cha samli kwenye kuskus, kashata ya njugu mfukoni, na tende za kutafuna njiani. Tende zilikuja huku na majahazi ya kaskazi, na baharia alizila bila kuwasha moto. Kwa jumla pimeni gramu 700 hivi za chakula kikavu kwa mtu kwa siku, halafu ongezeni akiba ya siku moja.

Akiba hiyo naisisitiza. Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, mateka wa vita wa Kiitaliano waliofungwa Nanyuki, walitoroka ili wapande Mlima Kenya kisha warudi wenyewe kambini. Chakula walikuwa wamekidunduliza kutoka posho yao, na picha ya mlima ya kuwaongoza waliipata kwenye mkebe wa nyama. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, lakini chakula kiliwaishia na waliteremka wakiwa hoi kwa njaa. Walikuwa watu shupavu mno, na bado njaa iliwapata.

Kule juu hamu ya kula hupotea. Mtu ana njaa na hawezi kumeza. Hapa sisi wa pwani tuna dawa: achari ya embe kavu, ndimu, pilipili manga. Chukueni kidogo, kitaamsha ulimi. Ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, waacheni, chumvi yake itawamalizia maji, na harufu itawaita pimbi walioko kambini, ambao hawaogopi watu na wanajua kufungua mikoba. Dagaa waliokaangwa wakakauka, ndani ya kopo lenye mfuniko, wanatosha.

Mitungi midogo ya gesi hairuhusiwi ndegeni, kwa hiyo wanaokwenda kwa ndege wainunue Nairobi au Nanyuki. Usiku laleni nayo ndani ya mfuko wa kulalia, kwani gesi ya butani ikipata baridi kali haitoki. Na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga zetu, kwa hiyo fungeni chakula kwenye vifuko vya kitambaa na makopo ya kurudi nayo, kila kopo likiwa na mlo wa siku moja na jina la siku hiyo juu yake.

Wiki ijayo kila mmoja aje na mlo wake mmoja mkavu. Tutaupima hapa, tuumiminie maji ya moto, tuule. Usichokiweza kukila hapa Malindi ukiwa mzima na umestarehe, usikipande nacho mlimani. Haya, maswali. Mama uliyeinua mkono pale nyuma, karibu.